Adabu ya Banda la Helikopta

Pale depo ya treni Tyseley, injini ikitoa mlio usioeleweka, mafundi wenye miaka ishirini kazini walimsubiri Mize Azizi afike ndipo waifungue. Hakuwa bosi wao. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka thelathini, mzaliwa wa Unguja, aliyeletwa Birmingham akiwa na miaka minane na kukulia Bordesley Green katika nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na jirani zake kushoto na kulia. Aliingia depo akiwa na miaka kumi na tisa, mwanagenzi wa kuosha vyuma, na mwaka baada ya mwaka akawa fundi ambaye akiweka kiganja juu ya giaboksi wenzake hunyamaza ili asikie vizuri.

Huyo Mize hakuwahi kuota kuwa askari. Jambo lenyewe lilimjia shambani, kwenye matope.

Majira fulani ya baridi mvua ilinyesha siku tisa bila kupumua. Mto ukavunja kingo zake na reli ikafunikwa na maji nje ya mji. Mize alitumwa pamoja na mwenzake Séverin wakaangalie treni moja iliyokwama. Séverin alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa makamo, mpole, aliyefika Uingereza kama mkimbizi na kufanya kazi depo miaka kumi na mitano. Walipokuwa wanashusha zana kutoka kwenye gari, helikopta ya jeshi ilikuja na mifuko mikubwa ya mawe ikining'inia chini yake, ikaishusha kwenye ukingo uliobomoka, kisha ikatua shambani, umbali wa kurusha jiwe kutoka pale walipokuwa.

Séverin alizunguka nyuma ya gari lao akabaki huko. Mize akasogea mbele hadi kwenye uzio.

Mapanga ya helikopta yaliposimama, mtu mmoja mwenye ovaroli iliyolowa grisi alipanda juu ya ile helikopta akiwa na tochi, akalala kifudifudi na kuanza kuchungulia chini ya vifuniko, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Aliposhuka, Mize aliona kuwa ni mwanamke wa Kisingasinga, mfupi kama yeye, msuko wa nywele umeingizwa ndani ya kola.

"Unatafuta nini?" Mize alimwuliza kwa Kiingereza kutoka uziani.

"Sitafuti kitu. Nahakikisha hakuna kitu," alijibu yule mwanamke. Akatazama ovaroli ya Mize. "Na wewe fundi wa nini?"

"Treni."

"Basi unajua mwenyewe."

Waliongea dakika kumi. Jina lake lilikuwa Sajini Gurmeet, wa Handsworth, na siku za kazi alitengeneza mabasi. Helikopta ilikuwa ya kikosi cha akiba, yaani watu wenye kazi zao za kawaida ambao wikiendi kadhaa kwa mwaka huvaa sare na kulitumikia jeshi. Mafundi walikuwa wachache. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kikosi kilikaribisha wageni wanaofikiria kujiunga.

"Ukitaka kuja," Gurmeet alimwambia, "usimwandikie kamanda. Wapo wanaomwandikia moja kwa moja wakidhani wanafupisha njia. Piga simu mapokezi, taja jina lako kamili, sema unachokiweza na usichokiweza. Ukisema utakuja, uje. Ukishindwa, piga simu kabla, isiwe baada."

Mize alirudi kwenye treni yake iliyokwama, lakini mchana kutwa macho yalikuwa juu ya lile paa la helikopta. Miaka kumi na mmoja alikuwa ametengeneza vyombo ambavyo vikiharibika husimama relini, na abiria hukasirika, na basi. Chombo kile kikiharibika hakina pa kusimama. Wazo hilo lilimtia hofu, na hofu yenyewe ikamvutia, kama kazi ngumu inavyomvutia fundi anayejijua.

Kazi ya kwanza ilikuwa kumwambia mama yake. Bi Safiya alikuwa mjane. Mumewe Azizi, dereva wa teksi, alifariki Mize akiwa na miaka ishirini na miwili, na tangu hapo mama na mwana waliishi wawili tu. Mize alimkuta jikoni anasukuma chapati.

"Mama, nataka kuingia jeshini."

Kifimbo cha kusukumia kikasimama. "Jeshi la nani tena?"

"La hapa. La akiba. Nikatengeneze helikopta."

"Watakuvua mtandio?"

"Hapana, nimewauliza kwa simu. Nitavaa ule wa kuvuta kichwani, usio na pini."

"Watakupeleka vitani?"

Mize angeweza kusema hapana, na mama yake angelala vizuri siku ile. "Huenda, mama. Si lazima, lakini huenda."

Bi Safiya aliendelea kusukuma chapati, na kwa wiki mbili hakulitaja tena jambo lile. Ijumaa ya kuamkia siku ya wageni, Mize alipotoka kazini alikuta mezani kopo la bati lenye vitamutamu vya visheti, limefungwa kwa kitambaa.

"Nyumba ya watu haiendwi mikono mitupu," mama yake alisema bila kumtazama. "Piga hodi. Usikae mpaka ukaribishwe. Usiwe wa kwanza kutia mkono sahanini. Na mkubwa akisema nawe, inamisha macho, usimkodolee kama polisi."

Depo nako Séverin alikuwa amepata habari. Alikuwa akifuta mikono kwa tambara, akiifuta na kuifuta hata ilipokuwa safi.

"Mize, weye unajua miye nilikimbia basoda," alisema. "Nilikimbia na batoto mugongoni. Sasa weye unabafuata."

"Askari hawa si wale, kaka Séverin."

"Basoda beko basoda." Alitupa tambara ndani ya kisanduku cha zana. Kisha akauliza, "Huko kwao, Jumamosi asubuhi, iko basi?"

"Hakuna. Nitashuka stesheni, nitembee."

"Kilomita ngapi?"

"Saba."

"Nitakupeleka na motokari yangu. Lakini nitakuacha ku barabara. Ku mulango yao miye sifiki."

Akampeleka, akamwacha barabarani, mita mia mbili kabla ya lango, akageuza gari upesi.

Wageni walikuwa sita siku ile. Mmoja alikuwa Cleopas, Mkenya wa miaka ishirini na minane, mtu wa kompyuta, mcheshi, aliyevaa miwani myeusi na jaketi la marubani lenye nembo tatu alizonunua mtandaoni. Alijuana na kila mtu kabla hawajafika mapokezi. Mize alimwonea wivu kidogo, kwani yeye alikuwa amesimama karibu na mlango na bati lake la visheti, hajui aliweke wapi.

Sajini Gurmeet aliwapokea. Kabla ya lolote lingine alimsogelea Cleopas, akamwambia kitu kwa sauti ya chini sana. Cleopas alitoka nje. Aliporudi hakuwa na lile jaketi, na miwani alikuwa ameivua. Baadaye alimsimulia Mize mwenyewe, kwa Kiswahili: "Ameniambia kila nembo hapa kuna mtu aliitolea jasho, na wengine waliozivaa hawakurudi nyumbani. Akasema hajakasirika, anajua sikujua. Hapo ndipo nilisikia vibaya zaidi."

Chumba cha chai kilikuwa na vikombe vimetundikwa kwenye misumari, kila kimoja na jina. Gurmeet aliwaonyesha vikombe vyeupe visivyo na jina, vya wageni. Mwenye kikombe chenye jina, alieleza, hakukipata dukani. Kikosi ndicho kilichompa. Viti navyo vilionekana vitupu lakini vilikuwa na wenyewe. Wakubwa waliitwa kwa vyeo vyao mpaka wao waseme vingine. Hakuna aliyepiga picha. Hakuna aliyewauliza waliotoka vitani waliona nini huko, wakitaka watasema. Na asiyejua jambo aseme hajui, papo hapo, kwa sababu bandani mtu anayebahatisha ni hatari kuliko mafuta yanayovuja.

Mize alisikiliza yote haya na kushangaa jinsi alivyoyazoea. Ilikuwa kama nyumbani kwa bibi yake Unguja, ambako mgeni hakalii kiti cha mwenyewe na maneno ya wakubwa hayachokonolewi. Akaweka bati la visheti mezani, akarudi nyuma, akasubiri. Wa kwanza kutia mkono alikuwa rubani mmoja mzee wa mvi, naye hakutoka tena karibu na lile bati mpaka lilipokwisha.

Lakini kuna adabu moja ya nyumbani iliyomponza. Kamanda, meja mrefu mwenye maneno machache, alipita akizungumza na wageni mmojammoja. Alipofika kwa Mize, akamwuliza kuhusu kazi yake ya treni. Mize aliinamisha macho kama alivyofunzwa, akajibu kwa sauti ya chini, maneno mawili matatu. Kamanda aliuliza swali la pili, akapata jibu fupi zaidi. Akashukuru akaenda.

Gurmeet alimfuata Mize nje. "Ulikuwa unamficha nini?"

"Sikumficha kitu. Nilikuwa namheshimu."

Gurmeet alicheka kidogo. "Mama yangu naye alinifunza hivyohivyo. Sasa nisikilize. Huyu mtu siku moja atakuuliza kama helikopta iko salama, na atapanda na watu wanane ndani. Anataka ayaone macho yako unapomjibu. Hiyo ndiyo heshima anayoijua yeye. Nyumbani kwenu inamisha. Hapa inua."

Wiki nne zilizofuata Mize alijizoeza. Alimtazama machoni msimamizi wa depo. Alimtazama machoni mwenye duka la nyama, mpaka yule bwana akamwuliza kama nyama ya juzi ilikuwa na kasoro. Siku ya pili ya wageni kamanda alipomwuliza juu ya giaboksi za treni, Mize aliinua uso na kumweleza dakika tano nzima, mikono ikichora hewani. Kamanda aliuliza, akauliza tena, na chai yake ikapoa.

Wale wageni sita walikuwa wamebaki wanne. Mmoja alisema atakuja hakuja, hakupiga simu, na hakuna aliyelitaja jina lake tena. Mwingine aligundua kuwa mafundi hawaruki sana, akaaga kwa heshima na kwenda zake, nao wakamtakia heri.

Siku ya tatu ya wageni ndiyo yenye kisa.

Siku ile wageni waliruhusiwa kwa mara ya kwanza kusaidia kusafisha ndani ya helikopta kabla haijaruka. Gurmeet aliwasimamisha mlangoni mwa banda wakavua kila kitu kinachoweza kuanguka: saa, pete, pini, sarafu, kalamu, funguo. Alieleza sababu, ingawa Mize hakuhitaji kuelezwa. Kitu kidogo kilichoanguka sakafuni kinaweza kutambaa kwa mtikisiko mpaka penye fito za usukani, kikazikwamisha rubani akiwa juu. Kila mmoja aliweka vitu vyake katika trei yenye jina lake. Mize alikuwa na mtandio wa kuvuta, usio na pini, na trei yake ilikuwa na saa tu na funguo za nyumba.

Walifanya kazi saa nzima. Zana zikarudishwa kwenye ubao, ambapo kila spana na kila bisibisi ina kivuli chake kilichochorwa, na Gurmeet akazihesabu mara mbili. Helikopta ikavutwa nje. Rubani wa mvi na mwenzake wakapanda, na nyuma yao askari wanne waliokuwa wanakwenda mazoezini.

Mize alikwenda chooni kunawa. Alipopitisha mkono wenye maji shingoni kwa nyuma, akahisi mtandio umelegea. Akajitazama katika kioo, ndipo akakumbuka.

Asubuhi ile, nyumbani, mtandio ulikuwa unateleza. Alikuwa amechelewa, Séverin anapiga honi nje, na mkono wake ukafanya ulichofanya kila siku tangu akiwa na miaka kumi na mbili: ukachukua pini moja ndogo kutoka kwenye kisahani, ukabana nyuma, chini ya kisogo. Hakuwa amefikiri. Hata alipokuwa anavua saa mlangoni mwa banda hakukumbuka. Sasa pini haikuwepo.

Alitazama sakafu ya choo, sinki, kola ya ovaroli, ndani ya mikono yake. Hakuna. Nje, mlio wa injini ya kwanza ulianza kupanda.

Yawezekana imeanguka garini kwa Séverin. Yawezekana imeanguka kwenye majani njiani. Kuna mahali mia pa kuanguka pini, na helikopta ni mahali pamoja tu kati ya hapo. Mize aliyajua hayo yote. Alijua pia kwamba mgeni aliyevunja kanuni ya kwanza ya banda anafungua lango mwenyewe na kutoka. Miezi mitatu ya kujikaza, kibali cha mama yake kilichotoka kwa shida, yote kwa pini ya senti tano. Alisimama pale kwa muda ambao baadaye aliuita sekunde kumi. Hakuwahi kujisamehe zile sekunde kumi.

Akatoka. Kwenye uwanja wa kuegesha mtu hakimbii, hilo nalo alikuwa amefunzwa, kwa hiyo alitembea kwa kasi yote ambayo miguu yake mifupi iliweza, mpaka kwa Sajini Gurmeet aliyekuwa amesimama na vizibo masikioni. Akamshika bega.

"Simamisha," alisema. Gurmeet hakusikia. Mize, ambaye tangu utotoni hakuwahi kupaza sauti mbele ya mkubwa, akavuta pumzi. "Simamisha! Nimepoteza pini. Sijui kama imo ndani au haimo."

Gurmeet hakuuliza swali hata moja. Aliinua mikono yote miwili akaipishanisha mbele ya uso wake, rubani akaona, na injini ikaanza kushuka mlio wake mpaka ikanyamaza.

Wale askari wanne walishuka. Mazoezi yao yalikuwa na saa maalumu, na saa hiyo ikapita wakiwa wamekaa kwenye majani. Hakuna aliyemsema Mize. Helikopta ilirudishwa bandani. Gurmeet alipanga watu kwa mistari. Mafundi wakafungua viti, kisha mikeka, kisha vibao vya sakafu, na kila skrubu iliyotoka iliwekwa katika mfuko wake na kuandikwa. Mize aliruhusiwa kushika tochi tu. Cleopas alipiga magoti kwenye zege bila kuambiwa, akapekua sakafu nzima ya banda, shibiri kwa shibiri, na suruali yake nzuri ikachanika gotini.

"Usilie, dada," alimwambia Mize alipompita. "Itapatikana hii kitu."

"Silii."

"Sawa. Basi futa hiyo ya upande wa kushoto."

Walitafuta saa mbili na nusu. Jua lilikuwa limeanza kulala juu ya uwanja pale Gurmeet, akiwa amelala kwa tumbo na kioo kidogo mkononi, aliposema, "Hapa." Akaingiza koleo nyembamba chini ya sakafu, mbele, karibu na miguu ya rubani. Pini ilikuwa imejipenyeza kwenye upenyo, ncha imeelekea ufito unaogeuza mkia. Ilikuwa na kichwa cheupe cha plastiki. Gurmeet aliiweka ndani ya mfuko wa nailoni, akaandika tarehe na saa, akampa kamanda.

Kamanda alimwita Mize mbele ya watu wote. Mama yake angekuwepo angemwambia ainamishe macho. Mize aliyainua.

"Uliambiwa uvue pini zote?"

"Niliambiwa, bwana."

"Ulivua?"

"Sikukumbuka kuwa ninayo. Niliibana asubuhi kwa mazoea. Kosa ni langu, Sajini Gurmeet hana lake."

"Uligundua lini?"

"Chooni. Injini ilikuwa inaanza."

"Ulikaa muda gani kabla ya kuja?"

Hilo hakulitarajia. "Kama sekunde kumi," alisema. "Nilikuwa nafikiria kunyamaza."

Rubani wa mvi, aliyekuwa ameegemea mlango, alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe.

"Asante kwa kuniambia hilo nalo," alisema kamanda. "Wageni wote hubaki mpaka sakafu irudishwe. Wewe pia." Akaondoka.

Sakafu ikarudishwa, skrubu kwa skrubu. Mize alipokuwa anatafuta koti lake ili aende, akiwa na hakika kwamba harudi tena, yule rubani alimfuata. Alikuwa mtu asiyejua sana kuzungumza. Alimpa mkono, akaushika kwa muda mrefu kidogo.

"Nina wajukuu watatu," alisema, akaenda zake.

Gurmeet ndiye aliyetoa hukumu. "Miezi mitatu huigusi helikopta. Utaosha vikombe, utahesabu zana, utafagia. Ukiona haya, usije, na hakuna atakayekulaumu."

Mize alikuja. Jumamosi tatu aliosha vikombe vya watu wenye majina na kuvitundika kila kimoja msumarini kwake. Alihesabu zana asubuhi, akahesabu mchana, akahesabu jioni. Aliijua kila spana ya kikosi kile kwa mkwaruzo wake. Siku moja ubao ulikuwa na kivuli kitupu cha bisibisi ndogo, mafundi wakaanza kubishana nani kaiacha wapi, naye akasema taratibu kwamba iko kwenye mfuko wa paja wa koplo fulani, kwa kuwa aliiona inaingia. Ilikuwepo. Kuanzia siku hiyo mafundi walianza kumwuliza mambo.

Mwezi uliofuata alipeleka maombi rasmi. Alipimwa afya, akapimwa mbio. Mbio zilimshinda mara ya kwanza, akafanya mazoezi majira yote ya joto kwenye bustani karibu na kwao, akirudia mzunguko mmoja huku akina mama wa Kipakistani wakimpungia mkono kutoka kwenye mabenchi. Mara ya pili alifaulu, zikiwa zimebaki sekunde sita. Akaenda mafunzoni, akalala kwenye mvua, akajifunza kupiga saluti na kutandika kitanda hata kikaonekana kimepigwa pasi. Siku ya kula kiapo alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mkubwa kuliko nusu ya walioapa naye. Cleopas alikuwa mstari wa nyuma yake, nadhifu, bila nembo hata moja.

Bi Safiya alihudhuria, amevaa baibui jipya, akakaa mbele kabisa. Séverin ndiye aliyemleta. Gari lake lilisimama palepale barabarani, mita mia mbili kabla ya lango. Lakini Bi Safiya alikuwa na magoti mabovu, na njia ilikuwa na utelezi. Séverin alimtazama yule mama akianza kutembea na fimbo yake, hatua moja, ya pili, akawasha gari tena, akamrudisha ndani na kumpeleka mpaka langoni. Askari wa zamu aliinama dirishani na kuwasalimia. Séverin alikuwa bado ameshika usukani kwa mikono yote miwili. Aliitika salamu. Kisha akaulizwa kama angependa kuegesha ndani, na baada ya kusita kwa muda ambao Bi Safiya aliuona mrefu sana, akasema ndiyo.

Sherehe ilipokwisha Mize alimkuta amesimama peke yake mlangoni mwa banda, ameweka mikono mfukoni, anaitazama helikopta iliyofunguliwa vifuniko.

"Hii giaboksi," alisema, bila kumsalimia wala kutaja sare yake, "mafuta yake munabadirisha kila saa ngapi?"

Mize alimwambia. Séverin akatikisa kichwa, akasogea hatua moja, akauliza swali lingine, na lingine, mpaka Sajini Gurmeet naye akaja akajiunga, na mafundi hao watatu wakabaki pale wakijadili mafuta hadi Bi Safiya alipotuma ujumbe kwamba ameona baridi.

Hiyo ilikuwa miaka mitano iliyopita. Mize sasa ni koplo. Jumatatu hadi Ijumaa yuko Tyseley na treni zake. Wikiendi zake za sare yuko bandani, na kikombe chake kina jina, walilomwandikia wenyewe na kulikosea herufi, naye hataki lirekebishwe. Jumamosi ya kwanza ya mwezi yeye ndiye anayewapokea wageni. Huwasimulia habari ya pini, yote, pamoja na zile sekunde kumi, na haipunguzi kitu wala hajipambi. Wageni wengine hucheka mwanzoni, wakidhani ni mzaha wa kuwachangamsha. Akifika kwenye ule ufito wa mkia hawacheki tena, na mara nyingi kuna mmoja anayeingiza mkono mfukoni polepole na kutoa sarafu aliyoisahau.

Nyumbani mambo ni yale yale. Bi Safiya hajawahi kulitamka vizuri jina la kikosi. Juzi, kwenye harusi moja huko Small Heath, shoga yake alimwuliza ni kitu gani hasa binti yake anakifanya jeshini. Bi Safiya aliweka sahani ya biriani pembeni, akafikiri.

"Anatengeneza pangaboi," alisema. "Lakini kubwa, mwenzangu, la kuchukua watu. Na halizunguki mpaka yeye aseme lizunguke."